WISN, kipimo cha mzigo wa kazi ya wauguzi: nilivyokiona mkunga wa Pemba

Nimo katika kamati inayoishauri wizara juu ya mahitaji ya wauguzi na wakunga, nawasemea wakunga wa Pemba. Suali linalotukalisha hapo ni moja: wanatakiwa wangapi, na wapi? Kila hospitali inaomba watu, kila wilaya inalia, na nafasi za ajira hazitoshi kugawana. Ndipo tukaletewa WISN (Workload Indicators of Staffing Need), programu ya kompyuta ya Shirika la Afya Duniani ya kukisia wafanyakazi wanaotakiwa kwa mzigo wa kazi, na kitabu chake cha mwaka 2010. Hulipii kitu. Naandika kwa wenzangu ambao wataletewa hiki kipimo na kuambiwa "jazeni".

Uzuri wake ni kwamba kinahesabu kazi. Ukipanga wauguzi kwa vitanda, wodi yenye vitanda ishirini vilivyo nusu vitupu inapata sawa na wodi inayolaza wagonjwa wawili wawili. Ukipanga kwa idadi ya watu wa shehia, humjui anayepita kituo cha karibu akenda hospitali ya mbali kwa sababu ndiko anakokuamini.

WISN inaanza na mwaka wa mtu mmoja. Wiki 52 kwa siku 5 ni siku 260. Toa likizo, toa Mapinduzi, Karume, Idi na sikukuu nyengine, toa siku za kuumwa na za mafunzo. Tuseme zimebaki 215, kwa saa 8 ni saa 1,720. Kama kumzalisha mzazi asiye na matatizo kunataka saa 4, mkunga mmoja anamudu wazazi 430 kwa mwaka, na wodi yenye wazazi 2,150 inataka wakunga 5. Bado kukabidhiana zamu, kuandika rejesta, kuhudhuria vikao. Hayo yakila asilimia 20 ya muda, inabaki 0.8 ya kuzalishia; 1 kwa 0.8 ni 1.25, basi wale 5 unawazidisha kwa 1.25 na unapata 6.25. Kazi za peke yake matroni zinaongezwa mwisho. Halafu waliopo unawagawa kwa wanaotakiwa: jawabu likiwa 1, wanatosha, likiwa 0.6, wamo sitini panapotakiwa mia. Waziri anaielewa namba hiyo bila ya kuelezwa mara mbili, na kwa kamati kama yetu hiyo ni nusu ya kazi.

Zile saa 4 ndizo zilizotutoa jasho. Kitabu kinataka muda wa mfanyakazi aliyefunzwa vyema, mwenye ari, anayefanya kazi kwa kiwango cha taaluma yake katika mazingira ya pale alipo, na kinataka muda huo upangwe na wenye kazi wenyewe. Bwana mmoja wa takwimu alikuja na saa 2. Bi mmoja, mkunga wa miaka mingi, akamtazama na kumuuliza: "Baba, mtoto akishatoka, mama namwachia nani? Namwacha avuje damu mie nikajaze fomu?" Saa 2 zikafa pale pale.

Kisha likaja hilo neno "mazingira ya pale alipo". Bomba likikatika, mkunga anachota maji kwa ndoo. Muda huo tuuhesabu? Mmoja wetu alisema tukiuhesabu tutakuwa tumelihalalisha bomba bovu na kuliajiria mtu. Tukauacha nje. Nilikubali kwa shingo upande, maana ndoo hazijaacha kubebwa.

Upungufu wake mkubwa kwangu mimi ni visiwa vidogo. Chukua kituo cha ng'ambo ya maji, huko ambako mgonjwa havuki ila kwa mashua, kama Kojani au Makoongwe. Weka wazazi wachache wa mwaka, kliniki ya watoto, wajawazito na majeraha, na programu inakuletea mtu mmoja na ushei. Kwa kazi iliyoandikwa, ni sawa. Lakini mzazi hachagui saa, na upepo wa kusi ukivuma usiku hakuna nahodha wa kumvusha. Akitakiwa mkunga mmoja awepo mchana na usiku mwaka mzima, hizo ni saa 8,760. Zigawe kwa 1,720 na unapata watu 5 na zaidi kidogo. Mmoja na ushei kwa watano! Tofauti yote ni kungojea, na kungojea hakuna safu yake katika rejesta. Kwa hospitali kubwa yenye msongamano, WISN naiamini. Kwa kituo cha kisiwani, anayeifuata kichwa kichwa ataondoa mkunga kwa ushahidi wa kompyuta.

Programu yenyewe haina makuu: unajaza kada, kituo, shughuli, muda, idadi, basi. Anayeweza kujaza jedwali ataiweza. Idadi tulizitoa katika DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, nazo ni nzuri kadiri rejesta zilivyoandikwa. Kuna wodi ilionekana haina kazi, kumbe waliokuwa na kazi nyingi hawakupata muda wa kuandika. Kwa hiyo nendeni na rejesta za karatasi mkononi, mlinganishe kabla ya kubonyeza.

Naipa nyota nne kwa hospitali, mbili kwa vituo vya visiwani. Na msikubali kundi la kupanga muda lijazwe maofisa watupu. Wekeni walio kwenye zamu, hata kama mtabadilisha saa za kikao ili wapate kulala.

Sisi tumependekeza kila kituo kinachozalisha kiwekewe idadi ya chini ya wakunga isiyoguswa, WISN iseme itakavyosema. Pendekezo limo katika ripoti iliyopelekwa wizarani, na jawabu bado halijarudi.