Nilikodi eskaveta ndogo Industrial Area, cheni ikatoka siku ya kwanza na wakanilaumu mimi

Sina kawaida ya kuandika maneno ya watu hapa lakini hii imenikaa kwa roho wiki mbili sasa, labda tatu, na kila nikipita ile saiti naskia hasira upya.

Nilikuwa na mtaro wa maji taka Utawala, kama mita 80, ploti imebanana bekho haiwezi kugeuka, so nikakodi eskaveta ndogo ya cheni za raba kutoka yadi moja Industrial Area, Nairobi. Jina siliweki. Mashine ikashushwa mapema na opereta wao, kijana mpole sana, na kabla dereva wa lori aondoke nikainama kuangalia cheni ya kushoto. Imelegea, tena si kidogo. Nikamwambia kijana ainue huo upande na baketi na bledi, cheni ikaning'inia, na mkono wangu wote nimekunja ngumi ukapita kati ya raba na rola ya katikati, vile vigurudumu vya chini vinavyotembea juu ya cheni. Hizi mashine ndogo nyingi hapo zinataka sentimita moja mpaka mbili na kitu, kipimo kamili kiko kwa kitabu cha mashine.

Nikapigia yadi. Mwanaume akanijibu, "Madam, wewe lipa tu, mambo ya mashine waachie wanaume wa mashine."

Hayo maneno ndiyo yamenileta hapa. Mimi nilikaa stoo ya kontrakta wakati Thika Road inapanuliwa, kabla ikamilike 2012, nikitoa grisi na kuandika masaa ya kila mashine, na zile zilikuwa cheni za chuma lakini kazi ni ile ile, unaangalia kila masaa 50 hivi, na raba ikiwa mpya unaangalia mapema zaidi kwa sababu inavutika siku za kwanza. Halafu mtu ananiambia niwaachie wanaume.

Saa nne kijana akageuza mashine kwa mteremko kando ya mtaro na cheni ikatoka kwa aidla, lile gurudumu la mbele. Hakukuwa na mlio wowote mkubwa, mashine ililala tu upande mmoja na raba ikajikunja. Vibarua 6 wamekaa chini na siku yao lazima niwalipe, mawingu yanajaa upande wa Ruai, na mwenye ploti amesimama kwa geti ananiangalia mimi, si yadi, mimi!

Fundi wao akafika saa nane na nusu na mtaimbo na pampu ya grisi. Hakuosha kitu. Mnaujua ule udongo mweusi wa Utawala, ukijaa kati ya rola unakaza cheni wenyewe, na ukikauka humo ndani ni kama simiti, ndiyo maana unasafisha kwanza, unatembeza mashine kidogo, kisha ndiyo unapima. Yeye alirudisha cheni na mtaimbo akapiga grisi kwa valvu ya kukazia, maana hapo ukijaza grisi cheni inakaza na ukiitoa inalegea, mpaka raba ikawa ngumu kama meza, akasema "haya, sasa itatokea wapi?" Nikamwambia umekaza kupita kiasi, hiyo itakula sproketi, lile gurudumu la meno linalozungusha cheni, na beringi za aidla, zile waya za chuma ndani ya raba zitakatika, na injini itakuwa inapigana na cheni yake yenyewe badala ya kutembea. Akakasirika. Akachukua spana, akaweka uso mbele ya ile valvu ya grisi na kuanza kuifungua mbio mbio.

Nilipiga nduru majirani wakatoka. Ile grisi iko ndani kwa presha kubwa sana, hiyo valvu unaifungua pole pole, kidogo kidogo, umesimama kando, huitoi yote na huchungulii, kwa sababu ikiruka inapasua ngozi inaingia ndani na hiyo ni hospitali moja kwa moja, watu wamekatwa vidole kwa hii kitu. Dakika mbili kabla nilikuwa namchukia huyo fundi na sasa namvuta na koti huku natetemeka. Hakuniambia hata asante, lakini alifungua polepole.

Na niseme ukweli, mashine yenyewe ni nzuri. Cheni ilipokaa sawa ilimaliza huo mtaro kwa siku moja na nusu, ikapita kati ya ukuta na tangi la maji bila kugusa popote, na kijana anajua kazi, anageuza kwa upana badala ya kuzungusha papo hapo, kila jioni anachokoa udongo na koleo kabla ukauke. Hapo nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu na kunyamaza.

Halafu nikaenda kuchukua dipoziti. Ati nusu imekatwa, ni makosa ya opereta. Opereta gani? Si ni wenu, amekuja na mashine yenu, kwa lori yenu! Na huyo kijana tulipokuwa tunakunywa chai aliniambia, "Mathe, mimi niliomba grisi wiki ile ingine, wakasema niende tu hivyo." Nikawaambia hayo maneno pale kwa ofisi, na sasa najuta, kwa sababu jana jioni amenipigia, wamemkata siku mbili za mshahara. Nimewapigia tangu asubuhi hawashiki simu.

Zile nyota tatu nimefuta. Kama kuna mtu ana kazi ya opereta wa mashine ndogo anitafute leo, nimuunganishe na huyo kijana.