Spesho Rizevu: Kitabu kwa Saa Mbili

Katika chuo cha umma nilikosomea shahada ya umahiri ya Kiswahili hapa Tanzania, sehemu ya maktaba iliyonifaa kuliko zote haikuwa ukumbi mkubwa wa kusomea, bali kaunta fupi ya mbao iliyo karibu na mlango, ambayo nyuma yake hukaa vitabu ambavyo mwanafunzi haruhusiwi kujichukulia. Kwenye kibao imeandikwa Kitengo cha Akiba Maalumu. Wanafunzi na wakutubi wenyewe huiita Spesho Rizevu, au rizevu tu. Nimeitumia kwa mihula minne, na maoni yangu ni kwamba ni huduma nzuri kwa sababu ileile inayowafanya wengi wailalamikie, yaani kubana muda. Kasoro zake za kweli ziko kwingine.

Mhadhiri hupeleka maktaba orodha ya vitabu ambavyo darasa zima litavihitaji, na wakutubi huvitoa kwenye rafu za kawaida, huvibandika utepe mwekundu mgongoni na kuvihamishia nyuma ya kaunta. Mwanafunzi hujaza karatasi ndogo yenye jina la mwandishi, jina la kitabu na namba yake, huacha kitambulisho, kisha hupewa kitabu akisome humohumo ndani kwa saa mbili. Anayetaka kulala nacho hukichukua saa tatu usiku, saa moja kabla ya maktaba kufungwa, na kukirudisha kabla ya saa mbili na nusu asubuhi.

Wanaosema kwamba saa mbili hazitoshi wapige hesabu niliyoipiga mimi. Darasa letu lilikuwa na wanafunzi 43, na kitabu cha fonolojia, yaani mfumo wa sauti za lugha, tulichokitegemea kilichapishwa na TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) kabla ya taasisi hiyo kuunganishwa na kuwa TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) mwaka 2009. Nilikitafuta madukani nisikipate, na maktaba ilikuwa na nakala 2. Kama zingeazimwa kwa utaratibu wa kawaida wa wiki mbili, katika muhula wa wiki 15 zingewafikia watu 14, na wengine 29 wangeingia kwenye mtihani wakiwa wamesoma madokezo ya wenzao. Maktaba ikifunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa nne usiku, nakala hizohizo 2 zinaweza kuwafikia watu 14 kwa siku moja, kwa hesabu ya juujuu. Isitoshe, mtu mwenye saa mbili tu husoma. Mwenye wiki mbili hukiweka kitabu juu ya kabati la hosteli.

Hata hivyo, saa mbili hizohizo ziliniponza wiki ya kwanza. Ndani ya jalada la kila kitabu cha rizevu imegundishwa karatasi yenye maneno KITABU HIKI NI CHA SAA MBILI, na chini yake mistari ya kupigia mihuri ya wino wa zambarau. Nilichukua kitabu saa tisa alasiri, nikaisoma sura ya silabi pole pole, nikaswali, nikarudi kuendelea, na saa mbili kasoro dakika kumi usiku nikakirudisha kaunta nikiwa nimeridhika kwamba nimewahi. Mkutubi wa zamu, mama wa makamo ambaye baadaye alinisaidia sana, aliitikia shikamoo yangu, akautazama muhuri, akanitazama tena usoni. “Mwanangu,” alisema, “ni saa mbili za kusoma, si saa mbili ya usiku.” Nilitakiwa kukirudisha saa kumi na moja jioni. Faini ni shilingi 500 kwa kila saa, na sehemu ya saa huhesabiwa saa nzima, kwa hiyo nilidaiwa shilingi 1,500. Nilijitetea kwamba sentensi ile ina maana mbili na kwamba mimi ni mwanafunzi wa isimu, lakini utetezi huo haukunifikisha popote.

Faini yenyewe naikubali. Nisichokikubali ni jinsi ya kuilipa. Kaunta haipokei fedha taslimu, jambo ambalo ni sahihi kwa ofisi ya umma, lakini kontrol namba, yaani namba ya kulipia serikalini, haitolewi hapo. Inatolewa na ofisi ya uhasibu iliyo jengo jingine na inayofungwa saa tisa na nusu. Mpaka malipo yasomeke, akaunti ya mwanafunzi hubaki imefungwa. Nilikaa siku tatu bila kuazima chochote kwa deni lisilofika bei ya sahani ya chipsi. Maktaba inaendeshwa kwa Koha, programu huria iliyotoka New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000, ambayo jina lake kwa Kimaori lina maana ya zawadi. Siku zile tatu sikuiona zawadi hiyo.

Kasoro kubwa zaidi ni orodha. Koha ina sehemu mahususi ya vitabu vya kozi, inayomwezesha mwanafunzi kutafuta kwa jina la kozi au la mhadhiri, lakini hapa haijawashwa. Badala yake kuna faili nene juu ya kaunta, lililopangwa kwa namba za uainishaji wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Mimi nilizoea upesi kwamba vitabu vya Kiswahili niviangalie kwenye PL 8702, lakini nimeona wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakiondoka mikono mitupu kwa kukosa namba tu, ilhali kitabu wanachokitaka kinaonekana nyuma ya bega la mkutubi. Ndani ya faili hilo bado kuna kozi zilizokwisha kubadilishwa majina, na orodha ya kozi yetu ya pili ilifika wiki ya sita, tulipokuwa tumeshafanya jaribio la kwanza. Hilo si kosa la wakutubi. Mhadhiri asipopeleka orodha kabla muhula haujaanza, kaunta haiwezi kubashiri atafundisha nini.

Kuhusu sura zilizowekwa mtandaoni sina mengi. Maktaba huweka sura moja tu ya kila kitabu, ikitaja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nami sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba nyingine zimeskaniwa zikiwa zimelala ubavu, na ukingo wa ukurasa umekatwa pamoja na tanbihi, kwa hiyo aliyetumia bando lake kuipakua usiku hulazimika kwenda kaunta asubuhi kuutafuta mstari uliokatika.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kwenda saa za mchana, wengi wakiwa kwenye mihadhara, akiwa ameshaandika namba ya kitabu kwenye karatasi, na kuulizia nakala ya kulala nayo siku za katikati ya wiki, kwa kuwa Ijumaa hugombaniwa. Karatasi zilizogundishwa ndani ya majalada bado ni zilezile, ila nilipopita mwezi uliopita nilikuta kwenye kitabu cha fonolojia mtu ameongeza kwa kalamu, mbele ya maneno SAA MBILI: “yaani dakika 120”. Mwandiko haukuwa wangu.