Uzoefu wangu: IST yangu ilivyopimwa kwa moshi, misi ya asubuhi ikaisha

Naishi Uyole, Mbeya, na naendesha Toyota IST ya mwaka 2003 yenye injini ya 2NZ, ile ya 1.3. Kwa karibu mwaka mzima gari hili lilinitesa asubuhi. Ukipiga stata linawaka vizuri, halafu baada ya muda mfupi sailensi, yaani ule mwungurumo wa injini bila kukanyaga eksileta, inaanza kuyumba: mshale wa mizunguko kwa dakika unashuka chini ya 500, unaruka hadi 1,000, unashuka tena. Usukani unatetemeka, funguo zinazoning'inia kwenye swichi zinagongana, na ukiweka D huku umekanyaga breki injini inataka kuzima. Ukifika Mwanjelwa, injini imeshapata moto, sailensi imetulia kabisa. Jioni ukimwambia fundi gari linamisi, yaani injini inaruka mapigo, anawasha, anasikiliza, anakutazama usoni.

Kipimo cha moshi kilichoufichua ugonjwa huu kilikuwa cha bei ndogo kuliko karibu kila nilichokuwa nimelipia kabla yake, na wenye IST, Vitz na Funcargo wengi wana injini za ukoo huu huu wa NZ. Ndiyo maana naandika.

Gereji ya kwanza walibadilisha plagi. Hapo sina lawama, zilikuwa zimekula na pengo lake lilishapita ile milimita 1.1 inayotakiwa. Gari likawa jepesi kidogo, lakini kutetemeka kwa asubuhi kukabaki palepale. Wakasema basi ni koili, ile inayoipa plagi umeme, nikanunua mbili za mtumba. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu kwenye injini hii kila silinda ina koili yake juu ya plagi. Kujua koili mbovu hakuhitaji hela: unahamisha ya silinda ya kwanza kwenda ya tatu, unaangalia kama misi imehama nayo. Hawakufanya. Tena koili iliyochoka mara nyingi hujionyesha gari likibeba mzigo au likipanda mlima, na langu lilikuwa limetoka kupanda Kitonga na abiria wanne bila kukohoa hata mara moja.

Wakasafisha throtoli, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini. Ilikuwa nyeusi kwa masizi, na IST ya kwangu ni ile yenye waya wa eksileta, ambayo hewa ya sailensi yake inapita kwenye kijinjia kidogo pembeni kinachofunguliwa na kufungwa na vali. Kikiziba, sailensi lazima isumbue, kwa hiyo ilikuwa kazi ya maana. Ila hawakuniambia kwamba kompyuta ya gari ilishazoea ule uchafu. Siku tatu sailensi ikawa juu, kama 1,200, mpaka nilipochomoa betri kwa muda, nikarudisha, nikaacha injini iungurume yenyewe ijifunze upya. Baada ya hapo nozeli zinazopulizia petroli zikatolewa zikaoshwa kwa mashine. Asubuhi iliyofuata, mtetemo ni ule ule.

Kuna fundi mwingine alitaka nibadilishe engine mounting zote, zile raba zinazoishikilia injini. Nilikataa. Mounting ikifa utasikia mtikisiko mwilini mwa gari, lakini haiwezi kuufanya mshale wa mizunguko upande na kushuka. Nikanunua kile kifaa cha bluetooth cha kusoma makosa kwa simu, kikagoma kabisa kuongea na gari. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba gari nyingi za miaka ile zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani zina tundu la umbo lile lile, ila lugha yake si ile ya kawaida inayojulikana na vifaa hivi vya bei rahisi. Kama gari lako ni la umri huu na taa ya cheki injini haiwaki, usikimbilie kununua.

Katikati ya hayo yote kulikuwa na dalili ambayo mimi mwenyewe niliipita. Nilikaa Dar wiki nzima, na asubuhi zote za wiki ile gari liliwaka likatulia. Nilidhani limepona kwa sababu ya mafuta ya Dar. Niliporudi Uyole, ilikuwa Juni, asubuhi ya kwanza tu funguo zikaanza kugongana.

Jirani akanielekeza kwa fundi mmoja kijana. Hakufungua boneti kwanza. Aliuliza, "Inasumbua saa ngapi?" Nikamweleza. Akasema, "Basi kaka, iache hapa ilale. Ukiniletea imeshapata moto sitaona kitu." Katika mwaka mzima hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu nilikuwa pale, nimevaa koti, ukungu bado umekaa barabarani. Mashine yake ameitengeneza mwenyewe: kopo la rangi la lita 4 lililozibwa vizuri, ndani mafuta ya watoto ya kujipaka, na hita plagi ya injini ya dizeli iliyozamishwa humo na kuungwa kwenye betri. Hita plagi ikipata moto, mafuta yanatoa moshi mweupe mzito. Pampu ndogo ya kujazia tairi inausukuma moshi utoke kwa mpira mwembamba. Kwenye tawi la mpira ule amefunga puto la mtoto. Nikamuuliza la nini. Akasema ndilo geji yake: likianza kuvimba sana anapunguza upepo, kwa sababu presha ikizidi unaweza kutoboa sili ambazo zilikuwa nzima.

Injini ikiwa imezimwa, alivua mpira mkubwa wa hewa, akaziba mdomo wa throtoli kwa glavu na klempu, kisha akachomeka moshi kwenye mpira wa buster ya breki, ambao unaingia moja kwa moja kwenye manifoldi, yale mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda. Tukasubiri. Moshi kidogo ukatoka kwenye ekzosi, akaniambia nisishtuke, kuna vali za silinda zimesimama wazi na moshi unapitia humo. Halafu akanipa tochi, akanionyesha chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, ile ya plastiki. Kati ya silinda ya pili na ya tatu kulikuwa na uzi mwembamba wa moshi ukipanda taratibu. Ulikuwa mdogo mno. Bila ile tochi nisingeuona.

Alichofanya baadaye ndicho kilichonifanya nimwamini. Alirudisha kila kitu, akawasha gari, likatetemeka kama kawaida yake, akaliacha mpaka feni ya rejeta ikazunguka. Akazima, akafunga tena glavu, akaingiza moshi. Safari hii, pale kwenye uzi hapakutoka kitu. Gasketi ya mpira kati ya manifoldi na kichwa cha injini ilikuwa imezeeka na kukakamaa. Usiku wa baridi inasinyaa na kuacha upenyo, injini ikipata moto inatanuka na kuuziba. Hewa inayoingilia pale haijapita kwenye sensa ya hewa, kwa hiyo kompyuta haijui kama ipo, na petroli inayotolewa inakuwa pungufu. Kwenye sailensi, injini inavuta hewa kidogo tu, basi hata upenyo kama ule ni mwingi kwake. Ukikanyaga eksileta, hewa halali inakuwa nyingi na ule upungufu hauonekani tena.

Hapo nikaelewa pia kwa nini gereji ya kwanza hawakuona kitu walipopulizia dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka manifoldi. Njia yenyewe ni sahihi, sailensi ikibadilika unajua pana upenyo, lakini walipulizia saa tisa mchana na injini ni ya moto. Zaidi ya kutoona kitu, ni hatari: dawa ile inashika moto haraka, na ekzosi iko hapo karibu.

Gasketi haikupatikana Mbeya. Iliagizwa Kariakoo, ikaja kwa basi siku ya pili. Manifoldi ilipotoka, fundi alinipa ile ya zamani mkononi. Ilikuwa bapa na ngumu, nilipoikunja kidogo ikakatika. Alifuta mfereji wake kwa kitambaa, akapanga mpya bila kupaka gundi yoyote, akakaza bolti kuanzia katikati kwenda pembeni kidogo kidogo, kwa spana yenye kipimo, maana manifoldi ni plastiki na ukikaza kwa hasira inapinda.

Hesabu yangu ni hii: kupima kwa moshi 20,000, ufundi 35,000, gasketi 30,000, nauli ya mzigo 5,000. Jumla shilingi 90,000. Kabla yake nilishatumia 260,000 kwa plagi, koili, ufundi, throtoli, nozeli na kile kifaa cha bluetooth, na katika hivyo ni plagi na throtoli tu ambavyo sijutii.

Kasoro zipo pia. Gari lilikaa kwake siku tatu, na kama unalitegemea kwa kazi panga kabla. Hatoi risiti, nilimwandikisha kwenye karatasi nikaomba asaini, akasaini bila shida. Harufu ya yale mafuta ya watoto ilibaki ndani ya gari siku mbili nzima, mke wangu alilalamika. Na mashine yenyewe ni ya kuunga, sijui kama ningemruhusu mtu mwingine asiye na ule uangalifu anifungie kopo la moto karibu na petroli.

Sasa ni Julai, baridi ya Uyole imekolea. Leo asubuhi nimewasha saa kumi na mbili kasorobo, mshale ukapanda kama injini baridi inavyotakiwa, ukashuka polepole wenyewe, ukakaa karibu na 700. Funguo zimetulia. Kuna kishindo kidogo bado nakisikia nikitoa N kuweka D, nadhani sasa ndiyo mounting moja ya kweli. Jumatatu jioni nampelekea, na nitaliacha lilale.