Saa za Kale za Jeshi la Majini: Ipi Inunuliwe, na Alama Zake Zisomwe Vipi

Mnunuzi wa saa ya kale ya jeshi la majini hana budi kwanza kutofautisha alama ya umiliki na alama ya daraja, yaani kiwango cha usahihi, kwa sababu wauzaji wengi huzichanganya, wengine kwa makusudi. Mshale mpana kwenye saa ya Uingereza huonyesha tu kwamba ilikuwa mali ya serikali, na mishale miwili iliyokutanishwa ncha huonyesha kwamba iliondolewa katika utumishi. Kuhusu usahihi, mshale haudokezi lolote.

Nafasi ya kwanza naipa Hamilton Model 22 ya Marekani, iliyotengenezwa Lancaster, Pennsylvania, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ina vito 21 vya kupunguza msuguano ndani ya mtambo, springi ya elinvari, aloi ambayo haiathiriwi sana na joto, na kipimo usoni kinachoonyesha muda uliopita tangu itiwe ufunguo. Model 21 ni ya daraja la juu zaidi, kwani ni kronomita kamili, yaani saa sahihi mno ya kutafutia longitudo baharini, lakini inataka uangalizi: isafirishwapo, gurudumu lake la mizani lazima lizuiwe kwa vipande vya kizibo, na muuzaji asiyelijua hilo ni wa kuepukwa. Kwa hiyo naiweka ya pili.

Ya tatu ni saa za sitaha za Uingereza, yaani saa za kubeba mkononi hadi sitahani wakati wa kupima jua au nyota. Husomwa kwa alama zilizochongwa: H.S.2 ni saa ya kronomita, H.S.3 ni ya daraja la chini yake. Zilizoandikwa Kew A zilifaulu majaribio ya daraja la juu ya Kew, kituo cha Uingereza kilichopima saa, ila namba ya cheti, kama kipo, ilingane na ya mtambo. Saa ya Lange, kampuni ya Ujerumani, naiweka mwisho, si kwa udhaifu wa kazi yake, ambayo ni nzuri mno, bali kwa bei yake.

Daraja lolote lililochongwa linahusu siku ya majaribio. Kabla ya kulipa, omba kumbukumbu ya siku kumi, saa ikitiwa ufunguo wakati uleule kila siku. Inayokimbia sekunde tatu kila siku bila kubadilika inaishinda inayokimbia moja leo na kuchelewa mbili kesho, kwa maana nahodha, anayetafuta longitudo kwa saa, huliondoa katika hesabu kosa analolijua. Kwa kosa asilolijua, sekunde nne tu humpeleka kando kwa dakika moja ya longitudo, ambayo Lamu, karibu na ikweta, ni takriban maili nzima ya baharini.