Mwandishi wa msafara na mwandishi wa hapahapa Dodoma, nani anaegemea zaidi?

Kampeni zikianza tu hapa Dom utawaona wa aina mbili. Wa kwanza kaja na msafara wa mgombea, yuko kwenye kosta ya waandishi, analala walikolala, anakula walichokula na posho anapewa na haohao anaowaandika. Sa hapo hata awe mtu safi vipi, uwanja wa Jamhuri ukiwa na mapengo picha atapigia kwa mbele kabisa wanaposhangilia ili ionekane pamefurika, afu kero ya maji Bahi inapotea njiani. Hamna aliyemtuma aandike uongo lakini, ila nani atamuudhi mtu anayembeba kesho kwenda Kondoa?

Wa pili ni wa redio za hapahapa. Huyu anajua bei ya mahindi soko la Kibaigwa, anakumbuka ahadi za 2015 zilivyorudi 2020, mgombea akidanganya anastuka palepale. Ila nae tusimpambe sana, diwani ni jirani yake, matangazo ya redio yanatoka kwa wakubwa walewale, na tangu ije Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, ile yenye adhabu kwa waandishi, wengi wanajikata ulimi wenyewe mapema. (Bahasha za hela wote wanapokea, tusidanganyane.)

Mi namchukua wa pili. Akipendelea nitajua tu, maana ukoo wake naujua mpaka shambani kwao Chamwino, yule wa kosta ntamjulia wapi?