Tiny Core na bekapu ya kujifanya yenyewe ukizima, uzoefu wangu

Laptopu yangu diski ilishakufa zamani, sa natumia Tiny Core, Linux ndogo sana, kwenye fleshi. OS (mfumo endeshi) nzima haifiki megabaiti 30, ukiwasha inajipakia kwenye ramu alafu inakimbia balaa, sina neno kabisa hapo. Kasheshe ni kwamba kitu kikikaa kwenye ramu ukizima kinayeyuka, na hili nilikua nalijua kwa kusoma tu mpaka liliponikuta.

Nilikaa usiku mzima napanga, nikaweka fonti ninayopenda, paswedi ya waifai, vishotikati vya kiibodi, kila kitu kimekaa sawa, alafu nikaandika sudo poweroff kwa mazoea nikalala. Asubuhi nawasha, patupu, kama sijawahi kuigusa! Nikaanza kuilaani fleshi bure. Kumbe kule kwenye kidirisha cha Exit kuna sehemu ya kuchagua kama unataka bekapu au hutaki, na mimi kwa komandi yangu nilikua nimekiruka chote. Kosa langu, sikatai.

Nilichofanya ni kufungua faili la /opt/shutdown.sh, hili linasomwa kila mashine inapozimwa, nikaongeza mstari mmoja tu, filetool.sh -b, hii ndo komandi ya kufanya bekapu. Toka siku hiyo nizime kwa kidirisha au kwa komandi setingi zangu zinafungashwa kwenye faili moja linaitwa mydata.tgz, nikiwasha linafunguliwa na vitu vinarudi mahali pake. Raha sana yani, unasahau kabisa kama unatumia OS ya kwenye fleshi.

Ila usidhani inabeba kila kitu, hapa ndo watu wengi tunaumia. Inabeba kile tu kilichoandikwa kwenye /opt/.filetool.lst, na humo unakuta folda ya home na opt basi. Mimi nilibadilisha paswedi ya kuingilia mara 3 na kila nikiwasha haipo, nikaona sa hii bekapu inabagua au vipi, kumbe paswedi inakaa etc/shadow na sikuwahi kuiandika kwenye ile listi. Nikaiandika (bila mkwaju wa mwanzo, yani ile /, zingatia hilo) ikatulia.

Alafu kuna upande wa pili, ukizidisha nao ni shida. Nilikua nadownload video naziacha humo humo home, sa kila nikizima inakaa inazikandamiza upya zote, nasubiri wee mpaka nachoka, na kuwasha nako vilevile maana inabidi zifunguliwe zirudi kwenye ramu ambayo yenyewe ni kiduchu. Nikahamishia video kwenye patisheni nyingine ya fleshi, na takataka za brauza nikazitaja kwenye .xfiletool.lst ili zirukwe. Sasa hivi kuzima ni sekunde chache tu.

Kitu kimoja ambacho hii njia haiwezi kukusaidia, umeme ukikatika. Hiyo siyo kuzima, hiyo ni kufa, shutdown.sh haipati hata nafasi ya kusomwa, na betri yangu imebaki pambo kwahiyo yashanikuta zaidi ya mara moja. Ndo maana nikibadilisha kitu cha maana sisubiri kuzima, naandika filetool.sh -b hapo hapo naendelea na mambo yangu. Na nikijua siku hiyo umeme unachezacheza nazima kwa kidirisha nachagua Safe, ile inatunza bekapu ya zamani pembeni kwa jina la mydatabk.tgz kabla ya kuandika mpya, maana umeme ukikata katikati ya kuandika unaweza ukabaki na faili bovu na la zamani huna.