Kehinde sio "wa pili" tu: apu niliyolipia na kamusi ya bure iliyonifundisha

Jamani kama mnatafuta maana ya majina ya Kiyoruba msilipie tu apu yoyote mnayokutana nayo. Mimi nililipia moja, jina silitaji, kwa sababu kazini kuna kaka wa Igbo-Ora, ule mji wa jimbo la Oyo unaosifika Nigeria nzima kwa mapacha, yeye anaitwa Kehinde na pacha wake Taiwo, nikataka kadi yake ya besidei iwe na maana ya jina lake. Apu ikanipa maneno mawili, "wa pili", basi. Nikaandika "hongera mdogo wake Taiwo". Alivyosoma akanyamaza kidogo, halafu akaniambia taratibu kabisa, "Dada yangu, mkubwa ni mimi."

Kumbe Kehinde ni aliyefika nyuma, kweli, ila Taiwo ni yule wa kuionja dunia, na kwa Wayoruba Kehinde ndo mkubwa, anamtuma mdogo wake atangulie akaangalie huko duniani kukoje, Taiwo akilia ndo taarifa imefika, mkubwa naye anakuja. Na ukifikiria, nyumbani anayetumwa si ndo mdogo siku zote? Sisi wa Kulwa na Doto akili inakimbilia kwa aliyetangulia kutoka.

Yeye ndo akanionyesha YorubaName, kamusi ya mtandaoni aliyoianzisha mwanaisimu Kola Tubosun, na hii naipa nyota 5 bila kusita. Jina linavunjwa vipande, kẹ́hìn na dé, unaona kila kipande kinabeba nini, unabonyeza unasikia linavyotamkwa. Na alama za toni, yaani za sauti kupanda na kushuka, zipo, ambazo ile apu ilizifuta zote, wakati Kiyoruba bila toni unapotea kabisa: ọkọ ni mume, ọkọ́ ni jembe, ọkọ̀ ni gari. Hapo utaandika nini kwenye kadi ya mtu?

Kingine kilichoniuma kwenye apu, imechanganya majina yote kapu moja. Wayoruba wana majina wanayoyaita amutorunwa, mtoto anakuja nayo kutoka mbinguni, mzazi hachagui. Mapacha wamo humo, anayezaliwa baada ya mapacha ni Idowu, anayemfuata Alaba, aliyetanguliza miguu ni Ige. Hayo huwezi kuyaweka sawa na Ayodele, furaha imefika nyumbani, ambalo mzazi amekaa akalichagua mwenyewe kwa lile analolishukuru. Mtu anayetafutia mtoto jina akiokota Idowu kwa sababu linasikika vizuri, huko kwao wataanza kumuuliza mapacha waliomtangulia wako wapi.

Apu nyota 1, nimeshaifuta kwenye simu. Kadi nimeandika nyingine, na alama zake zote: Kẹ́hìndé.